Shimo Ulilolifukia kwa Mapenzi

3 Februari

Mlingoti wangu mrefu,

Lori limekuchukua leo asubuhi, na jioni hii tayari nina kalamu mkononi. Mama yako amenichungulia kutoka jikoni akatikisa kichwa. "Vumbi la lori halijatua, wewe unaandika?" Nikamwambia, "Mama, vumbi litatua lenyewe. Mimi nani atanituliza?" Amecheka mpaka kifuniko cha sufuria kikamponyoka.

Acha wacheke. Bibi harusi wa juzi ana haki zake. Ninachokasirikia ni kitu kimoja tu: mume wangu anasimamisha minara ya simu ili watu wa milimani wapate mtandao, na yeye mwenyewe huko hana hata wa kuniambia "nimefika." Basi tutaandikiana kama wazee wa zamani. Dereva wa lori la vyakula amekubali kuwa posta yetu, mradi nisimfungie barua nzito kuliko magunia yake.

Nimetoka bandani sasa hivi. Nimelifagia tena ingawa halikuwa na uchafu. Kila nikifungua mlango ule naikumbuka siku uliyonifumba macho kwa kitambaa, ukaniongoza kwa mabega, halafu ukakitoa. Kuta nyeupe! Sakafu laini kama kioo! Gereji nzima ya magari mabovu, yenye oili mpaka darini, na wewe ulikuwa umeikwangua peke yako, ukafukia lile shimo walilokuwa wakiingia mafundi chini ya magari, ukamwaga saruji juu. "Hii ndiyo zawadi yangu ya harusi," ulisema. Nililia, kope bandia ikang'oka, ukaipiga teke ukidhani ni mdudu.

Ukumbi wetu, mpenzi. Ukumbi mdogo, kwa watu wenye mifuko midogo, ili asitokee bibi harusi mwingine wa kutolewa nje kabla ya kukata keki kwa sababu harusi inayofuata iko mlangoni. Nakumbuka keki yetu tuliikatia kwenye maegesho, juu ya boneti. Sikasiriki tena. Ila haitamtokea mtu mwingine nikiwa hai.

Wateja wa kwanza wameshapatikana: muuza maua wa sokoni na dereva wa gari la taka. Wanataka Jumamosi ya mwisho ya Machi. Kesho kutwa nakwenda baraza la mji kuomba kibali.

Nalala upande wako wa kitanda. Kitanda chako cha mbao mpya kutoka kiwandani, kilichomnyamazisha shangazi yangu! Hakilii hata nikijigeuza.

Mkeo (bado nalipenda neno hili),
Chiriku


9 Februari

Chiriku wangu,

Barua yako imefika ikinukia vitunguu, maana ilisafiri juu ya gunia. Niliisoma nikiwa juu ya mnara, nimejifunga mkanda. Wenzangu chini wakapiga kelele, "Mlingoti, unacheka na nani huko?" Nikawaambia nacheka na mke wangu. Mmoja akasema nimepungukiwa hewa.

Mimi si mtu wa maneno kama wewe, unajua. Lakini huku nikifumba macho naona zile kuta nyeupe. Usidhani ilikuwa kazi ndogo. Oili ya miaka mingi ile haitoki kwa kubembelezwa. Nakuhakikishia hata mzee mwenye gereji akirudi kutoka huko kwa binti yake hatajua kama ndipo. Sikuacha alama hata moja. Hata mbwa wa polisi hawezi kunusa gari pale.

Kuna jambo moja. Msimamizi ameniita. Mnara huu ukiisha kuna mingine, mbali zaidi, na mkataba ni wa mwaka mzima. Anataka jibu katikati ya Machi. Nimemwambia nina ukumbi nyumbani, mke wangu ndiye meneja, na mimi ndiye nitakayepanga viti. Amesema, "Ukumbi ukifunguliwa nenda. Usipofunguliwa, utakula viti?" Mtu mkavu sana. Lakini hajasema uongo. Basi fungua ukumbi, mke wangu, nishuke.

Msalimie Mama. Mwambie goti langu halisumbui (linasumbua kidogo, usimwambie).

Mumeo,
Mlingoti


14 Februari

Mlingoti wangu, mkanda wangu, mnara wangu,

Utashuka! Andaa mguu! Sikiliza nilichokipata barazani.

Nilivaa gauni la kijani, lile ulilosema linanifanya nionekane kama mche uliopata mvua. Afisa mipango ni baba wa makamo, miwani yake imeshikwa kwa uzi upande mmoja. Akaniuliza, "Binti, wageni wako watakuja na magari?"

Nikasema, "Watakuja na furaha, baba."

"Furaha haiharibu barabara. Nauliza magari."

Basi akanieleza. Kila biashara mpya inayoleta watu na magari hulipa ada ya maendeleo, kwa kuwa barabara, maji na mitaro ndivyo vitakavyobeba mzigo. Akanionyesha kiasi cha ukumbi wa harusi. Mpenzi, ile ada inaimeza kodi yetu ya mwaka na kuramba sahani. Nilitaka kumchukia yule baba. Lakini akaniuliza, "Mvua ikinyesha, mtaani kwenu maji yanakwenda wapi?" Nikakumbuka jinsi Mama anavyovuka barabara na viatu mkononi. Nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni shughuli.

Halafu akalegeza sauti. Amesema hata madiwani wameona ada hii inafunga maduka kabla hayajafunguliwa, na sasa wanatafuta namna ya kuipunguza. Wengine wanataka mtu alipe polepole baada ya kuanza kazi. Wengine wanasema biashara ndogo zipewe nafuu. Wengine wanasema anayeweza achimbe au ajenge kitu cha mtaa kwa mikono yake, badala ya kutoa fedha. Hayo bado wanabishania. Lakini moja limeshapita: kama jengo lilikuwa na biashara kabla, mzigo wake wa zamani unatolewa kwenye ada, mradi isiwe imefungwa zaidi ya miaka mitano.

Gereji, Mlingoti! Gereji yenyewe ilifungwa mwaka juzi tu! Na ilikuwa inaleta nini kama si magari? Niliruka juu, kiti kikaanguka, karani wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna aliyeumia.

Alhamisi Bwana Mipango atakuja mwenyewe kukagua kwamba kweli palikuwa gereji. Namsubiri kwa hamu! Nitapiga deki mara mbili. Ataona jinsi mume wangu alivyopang'arisha!

Mkeo mwenye kurukaruka,
Chiriku


21 Februari

Mpenzi,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri sana. Mama amenunua ufagio mpya. Ukaguzi ulikwenda vizuri, Bwana Mipango alisema hajawahi kuona sakafu safi namna ile.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Ule ubao uliokuwa juu ya mlango wa gereji, uliupeleka wapi? Na lile shimo, ulimwaga saruji nene kiasi gani? Nauliza tu.

Halafu nimefikiri kuhusu yule msimamizi. Kama anakuhitaji sana, labda usimkatalie haraka. Mwaka si mwingi. Watu wanakaa zaidi ya hapo. Mimi nina Mama, nina redio.

Nakupenda. Zawadi yako ya harusi ni zawadi nzuri kuliko zote duniani, na asikudanganye mtu kwamba siyo.

Mkeo,
Chiriku


22 Februari

Mwanangu,

Naandika kwa kifupi, miwani yangu haina nguvu na mkeo yuko bafuni akiimba ili nisijue kwamba analia. Anaimba vibaya sana.

Amenikataza nisikwambie. Mimi sikuapa.

Yule afisa alikuja. Mkeo alimfungulia mlango kama anamfungulia mfalme. Yule baba akaingia, akatazama juu, akatazama chini, akauliza, "Gereji yenyewe iko wapi?" Mkeo akasema ndiyo hii. Akauliza, "Shimo la mafundi?" Limefukiwa. "Oili?" Imekwanguliwa. "Ubao wa mlangoni?" Haupo. Akapiga magoti, mwanangu, akanusa sakafu kwa pua yake. Akainuka akasema, "Binti, hapa mimi naona chumba kipya."

Nikamwambia majirani wote wanajua. Akasema, "Mama, wiki iliyopita mtu na majirani zake kumi waliniapia kwamba banda lake la kuku lilikuwa kiwanda." Kitabu cha leseni cha miaka ile walikuwa nacho, ila paa la ofisi lilivuja kikawa uji. Anachotaka ni kile kibati cha leseni, kile cha nembo ya mji ambacho kila mwaka mwenye biashara alikuwa akikipigilia kwenye ubao wake. Kikao cha madiwani ni tarehe kumi na moja Machi. Bila kibati ni ada yote, na ada yote hatuna, na ukumbi hakuna.

Kwa ufupi, ulivyosafisha umesafisha mpaka haki yako. Ila mkeo amesema afadhali afunge ukumbi kuliko wewe ujue kwamba zawadi yako ndiyo iliyoharibu. Nimezaa mtoto mwenye bahati na asiye na akili.

Ubao uko wapi?

Mama yako

Goti likoje? Na usinidanganye.


1 Machi

Chiriku,

Lori limeleta barua mbili kwa pamoja, yako na ya Mama. Nilianza na yako. Nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma tena. Mke wangu, yule wa kurukaruka, ananiambia mwaka si mwingi na ana redio! Nikakaa chini ya mnara. Wenzangu wakanipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Nikafikiri labda huyu mtoto wa watu ameamka akaona ameolewa na nguzo.

Nikakuandikia jibu. Niliandika kwamba ubao ulichukuliwa na upepo, na kwamba sawa, nitamwambia msimamizi ndiyo. Ndipo nikafungua ya Mama.

Jibu lile nimelichana. Sasa keti. Uko chumbani? Keti kitandani.

Umekalia gereji.

Unakumbuka shangazi yako alivyosimama mbele ya watu akasema mtoto wao halali kwenye mbao za kuokoteza? Nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitanunua mbao mpya kiwandani. Nilikwenda kweli. Nikauliza bei, nikamshukuru muuzaji, nikarudi nyumbani kwa miguu. Miguu ya kitanda na mbavu zake ni zile mbao nene zilizokuwa zikifunika shimo. Na ubao wa kichwani ndio ubao wa mlangoni. Niliupiga randa upande mmoja nikaupaka vanishi. Upande wenye maandishi umeelekea ukutani. Vile vibati nilijaribu kuving'oa, misumari ikakataa, nikasema ukuta utavificha.

Nilikuwa nimepanga nikwambie tukiwa na wajukuu.

Tatizo ni kwamba kitanda hakifunguki. Nilikipigilia humo humo chumbani kama mtu anayejenga daraja, na gundi juu. Ukijaribu kuung'oa ubao utapasuka. Na mlangoni hakipiti. Zaidi ya hapo sijui la kukushauri.

Halafu, Chiriku, usinifiche tena kitu ili nisiumie. Niliumia zaidi na ile redio.

Mumeo mwongo wa mbao,
Mlingoti


12 Machi

Mlingoti, Mlingoti, Mlingoti!

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kitandani.

Nilisoma barua yako nikaupenyeza mkono nyuma ya kitanda. Vidole vikagusa bati. Nikapiga ukelele. Mama akaja mbio na mwiko. Tukakivuta kitanda kutoka ukutani, wawili sisi, na pale kwenye ubao, kwa rangi nyekundu iliyopauka: GEREJI YA MZEE. INGIA UNASUKUMWA, TOKA UNAENDESHA. Na vibati chini yake, safu nzima, cha mwisho cha mwaka juzi kama nilivyosema! Miezi yote hii nimekuwa nikiota ndoto njema chini ya maneno hayo!

Mama alisimama akakitazama sana. Halafu akasema, "Mbao mpya kutoka kiwandani." Akalazimika kukaa chini kwa kicheko.

Basi jana, siku ya kikao. Dereva wa gari la taka, yule bwana harusi wetu, alikuja na wenzake wawili. Wakajaribu mlango. Kimegoma. Dirisha, kimegoma. Mama akasema, "Ng'oeni fremu ya mlango." Nikasema, "Mama, nyumba yako!" Akasema, "Fremu ilipigiliwa na baba yake huyo huyo mpigilia vitanda. Ng'oeni." Waliing'oa kwa nyundo, kitanda kikatoka, kikapanda juu ya gari la taka lililooshwa kwa ajili hiyo, na mimi na Mama tukakaa juu yake kwa sababu mbele hakukuwa na nafasi. Mtaa mzima ulitoka. Mtu akapaza sauti, "Bibi harusi, unahama au unarudishwa kwenu?" Mama akamjibu, "Anakwenda kuwaonyesha madiwani anapolala, una neno?"

Na shangazi yangu, ewe Mola, shangazi yangu alikuwa kona ya sokoni na kikapu. Aliona ubao. Alisoma wote, midomo ikicheza. Nilijifanya natazama mawingu.

Kitanda kiliingia ukumbi wa baraza kwa mlango wa mbele. Askari wa mlangoni aliuliza ni cha nini, Mama akasema ni ushahidi. Mwenyekiti wa kikao ni mama mnene mwenye sauti ya kengele. Akasema, "Mwombaji, nilitegemea kiambatisho kidogo zaidi."

Watu wakacheka, nami nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya adabu, yakakimbia yote. Nikasema ukweli. Nikasema mume wangu alifuta gereji yote kwa mikono yake ili anipe zawadi, na sehemu ambayo hakuifuta alinitengenezea mahali pa kulala. Nikasema sitaki kusamehewa ada kwa kuwa nimeolewa juzi na nina furaha. Nataka nikatiwe mzigo ambao magari ya gereji yalishauleta, kama mlivyopitisha wenyewe. Bwana Mipango alishuka, akainama, akavikagua vibati kimoja kimoja, miwani ikining'inia kwenye uzi. Akasoma ubao. Akanusa! Akanyanyuka na tabasamu la kwanza nililoliona kwake. "Oili," akasema. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni gereji."

Wakatoa mzigo wa magari wote, mpenzi. Wote! Uliobaki ni wa maji tu, kwa sababu gereji haikuwa na wageni wa kunawa mikono. Hapo diwani mmoja mkali akasema maji lazima yalipiwe, hata kitanda kikilia. Na ana haki, viatu vya Mama vinajua. Ndipo Mwenyekiti akauliza kama lile pendekezo la mtu kufanya kazi ya mtaa badala ya kutoa fedha linaweza kujaribiwa hapa kwanza. Wakapiga kura, likapita, na tunaruhusiwa kufungua huku kazi ikiendelea.

Akaniuliza, "Je, nyumbani kwako kuna mtu anayeweza kuchimba mtaro, kutoka ukumbini mpaka barabara kuu?"

Nikajibu haraka kuliko nilivyojibu siku ya ndoa: "Yupo!"

Kwa hiyo, mume wangu, ulifukia shimo moja bila kuniuliza. Na mimi nimekuahidia lingine bila kukuuliza. Ni refu kidogo.

Nimeusikia ule mstari wa redio. Sitakuficha tena. Nilikaa na ile redio jioni nzima ukiwa hujajibu, sikumbuki ilisema nini.

Mkeo mwenye kibali,
Chiriku


18 Machi

Chiriku wangu,

Nimesoma mbele ya kambi nzima, kwa sauti, nimesimama juu ya pipa. Kwenye kunusa kwa Bwana Mipango walipiga makofi. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza mtaro wenyewe una urefu gani. Nikamwambia sijui, mke wangu amesema kidogo. Akasema, "Basi utauchimba mpaka uzeeni." Kisha akanipa koleo zuri, jipya, kutoka stoo. Amesema ni la ukumbi, si langu.

Mkataba nimeukataa. Nashuka na lori la tarehe ishirini na tisa.

Nimechoka kulala kwenye turubai. Niwekee kitanda tayari.

Mumeo, mchimbaji,
Mlingoti


29 Machi

Mlingoti,

Barua hii haikusafiri na lori. Nimeibandika ukutani, kando ya mlango wa chumbani, maana mlango bado hauna fremu na Mama amekataa irudishwe hadi uirudishe wewe.

Usikitafute kitanda. Baada ya kikao Mama alichukua msumeno wa baba yako, akasema kilichojengwa kama daraja kinakatwa kama daraja. Miguu na mbavu zimekuwa benchi la wazee kwenye ukumbi. Ubao wa kichwani uko juu ya mlango, upande wa maandishi ukitazama barabarani. Niliogopa maharusi wetu wataona aibu. Muuza maua aliusoma, akamtazama bwana wake wa gari la taka, akasema hakuna maneno bora ya kuingilia kwenye ndoa. Tayari watu wanasema, "Sisi ndoa tunafungia gereji."

Na shangazi yangu yumo ndani. Amekaa kwenye lile benchi tangu asubuhi, ameshika mkoba mapajani. Kila anayepita anamwambia, "Mbao hizi ni imara, mkwe wetu alizichagua mwenyewe."

Chumbani kuna godoro, chini, na shuka za maua. Lakini usilale kwanza. Nawa uso, vaa shati jeupe, ufuate muziki. Keki haijakatwa, na leo hakuna wa kumtoa mtu nje. Nimekuwekea nafasi mlangoni, chini ya ubao, nikuone ukiingia.

Koleo liache nje. Mtaro ni Jumatatu.

Mkeo,
Chiriku